Bei ya Kulala Kando ya Ziwa

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikufa mwezi wa mvua, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na tangu siku ile sikutia samaki kinywani mpaka mwaka wa pili ulipokuwa unaelekea kuisha. Si kwamba sikumpata. Hapa kambini usipa, yule samaki mdogo wa kukausha, njo mboga ya mtu asiye na kitu. Unamkuta sokoni juu ya mikeka, anapimwa kwa kikopo, na harufu yake inakufuata mpaka ndani ya nyumba. Wajukuu walimla, mi nikala maharagi. Nikialikwa arusi, nilimtenga samaki pembeni ya sahani kama mtu anayetoa mawe katika mchele. Watu walifikiri ni tumbo.

Haikuwa tumbo. Mzee wangu alikuwa mvuvi, mtoto wa wavuvi, kule kwetu Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Katika nyumba yao, mjane wa mvuvi haonji samaki mpaka kilio kiondolewe ku maji. Mnakwenda kando ya ziwa, mnalala hapo usiku mmoja, kwa sababu kilio kinalalwa. Asubuhi mtu wa damu ya marehemu anatupa ndoana. Samaki wa kwanza anachomwa palepale, na ndugu wa marehemu, yule wa tumbo moja, anamega kipande kwa mkono wake na kumlisha mjane. Basi, hakuna kingine. Mjane anafungua kitambaa cheusi kichwani, anarudi kuwa mtu kati ya watu. Bila hivyo unakaa umefungwa, na ukifa utazikwa ukiwa ungali umefungwa.

Wa tumbo moja na mzee wangu alikuwa amebaki mmoja tu duniani: dada yake, wifi yangu, mshonaji, nyumba ya nne kutoka kwangu. Wengine vita iliwala. Na huyo wifi jina lake lilikuwa limetoka ku ukuta wa matangazo. Amepata safari, yeye na wajukuu wake wawili, wanapelekwa kukaa nchi ya baridi, mbali, kwa ndege. Walimwambia ajiweke tayari, ni majuma machache. Akiondoka kabla hajanilisha, nani atanilisha? Mtoto hamlishi mama yake.

Alikuja kwangu asubuhi, tepu ya kupimia ingali shingoni, hakutaka hata kiti.

"Wifi, tuende ku ziwa. Mi siwezi kupanda ndege na kilio chako mugongoni. Batanipima kilo, bataniambia nimepita."

"Tuende ziwa gani?"

"Pale ndugu yangu alipapenda."

Nilipajua. Zamani, miguu yake ikiwa bado na nguvu, mzee wangu alifanya kazi msimu mmoja kwa Mmalawi mwenye mitumbwi, akimshonea nyavu. Ilikuwa pembe ya mbali ya ziwa la hapa Malawi, ambako milima inashuka mpaka inalowa miguu. Aliporudi aliniambia, "Pale panafanana na kwetu, ila lazima ufumbe jicho moja." Tangu wakati huo pamezungushiwa mipaka, pamekuwa mahali pa kulindwa. Watu wanatoka Ulaya kuja kupiga hema hapo na kuvua kwa mchezo. Binti yangu ndiye aliyenieleza: wanamvua samaki, wanapiga naye picha, wanamrudisha mu maji. Sikumwamini mpaka nilipoona kwa macho yangu, na nitasema niliona wapi.

Kabla ya hapo niseme kosa letu. Mtu mwingine angemuuliza jirani kwanza. Sisi wakimbizi hatuulizi jirani, tunauliza ofisi. Miaka zaidi ya ishirini tumefundishwa hivyo. Sabuni ni karatasi, kuzika ni karatasi, kupita bariyeri ya polisi ni karatasi. Mtoto wetu akianza kusema, anasema mama, anasema maji, neno la tatu ni fomu. Kwa hiyo hata kwenda kulia tulikwenda kutafuta muhuri, na hakuna aliyetutuma.

Mchungaji wa kanisa letu akatuandikia barua mbili. Moja ilitupatia ruhusa ya kutoka kambini siku tatu. Ya pili ilikuwa ya ofisi moja ya Lilongwe, inayouza vibali vya kulala na kuvua kule kwenye ile pembe. Mchungaji aliandika ukweli wote, mstari kwa mstari: amekufa nani, desturi ni gani, watu ni watatu, usiku ni mmoja, na samaki wanaohitajika ni mmoja. Alitusomea kwa sauti, wifi akajifuta macho. Mi nilisema moyoni, mwenye kusoma barua hii hawezi kutukatalia.

Tulipanda minibasi tukiwa watatu, mi na wifi na binti yangu, huyu anayejua Chichewa na Kiingereza. Lumbadzi tukabadilisha gari. Area 25, mtaa wa Lilongwe, tukakaa mu foleni ya magari mpaka jua likawa kali, wifi akiangalia nguo za watu dirishani na kuhukumu mishono yao. Tulifika ile ofisi na njaa. Kulikuwa na benchi moja, feni isiyozunguka, na ku ukuta picha kubwa ya mzungu ameshika samaki mrefu kama mtoto wa miaka mitano, wote wawili midomo wazi. Njo pale nikaamini.

Kijana wa mezani alikuwa na adabu. Jina lake ninalo, la babu yake pia ninalo, maana nilimuuliza akaniambia. Siandiki, kwa sababu na yeye ametumwa tu. Alisoma barua kidogo, akaiweka chini, akavuta karatasi nyingine.

"Agogo," aliniita, yaani bibi, kwa heshima ya Wamalawi, "mnakwenda kutalii?"

Binti yangu akanitafsiria. Nikasema, "Mwambie nakwenda kumaliza kilio cha bwana yangu."

Kijana akapitisha kidole juu ya karatasi, kutoka juu mpaka chini. "Hapa hatuna kilio," akasema. "Tuna kuingia, tuna kulala, tuna kuvua, tuna kuingiza gari."

"Sina gari."

"Basi hiyo ya gari hamtalipa."

Alisema kama mtu ananipa zawadi. Wifi akaanza kucheka, nikamkanyaga mguu.

Halafu akauliza sisi ni wa mstari gani. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ni wa Wamalawi wenye kitambulisho cha taifa, bei ndogo. Wa pili ni wa wageni wanaokaa hapa kwa kibali cha kazi au cha biashara, bei ya katikati. Wa tatu ni wa watu wanaotoka nje kuja kutembea, na huo unalipwa kwa bei ya dola. Niliweka mezani kadi yangu ya ukimbizi. Nimeitunza mu plastiki, haina hata kona iliyokunjika. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Ni nzuri," akasema, "lakini haimo mu mistari."

"Mimi nakaa hapa," nikasema. "Nimezalia hapa watoto wawili. Nimezika hapa bwana. Wajukuu wangu wote wanaota ndoto kwa Chichewa."

"Ndiyo, agogo. Lakini una kibali cha kazi?"

"Nani ananipa kazi?"

"Basi mstari wa tatu."

Njo hivyo nikawa mtalii. Mwanamke wa kambi, mwenye kandambili za rangi mbili, niliandikwa mstari mmoja na yule mzungu wa ukutani. Bei ya kulala usiku mmoja, kwa kichwa kimoja, ilikuwa karibu gunia la mahindi. Na kulala kwenyewe si ku kitanda. Ni chini, mu hema, hema ulete mwenyewe. Nilimwambia binti yangu amuulize kama anajua mi nimelala miaka mingapi mu hema. Tulipofika Malawi tulilala chini ya sheeting, ile plastiki ya msaada, mpaka ikapasuka, tukashona, ikapasuka tena. Hakuna aliyetulipisha. Wakati ule kulala chini ilikuwa shida yangu, ikawa bure. Siku ninayotaka kulala chini kwa kupenda kwangu, usiku mmoja tu, inakuwa starehe, inauzwa kwa dola. Binti yangu hakutafsiri hayo yote. Alisema tu, "Anasema ni ghali."

"Ni ghali kweli," kijana akakubali.

Tulirudi jioni. Kesho yake, siku ya pili ya ruhusa yetu, wifi aliuza cherehani yake. Hakuniuliza. Nilisikia mashini haipigi kelele, nikatoka, nikakuta meza tupu na alama nne za miguu ya mashini mu vumbi.

"Unafanya nini, we mwanamke?"

"Huko naenda banasema kuna mashini za umeme. Hii ningeiweka mu mfuko gani?"

Alikuwa anadanganya. Ile mashini alikuwa amemwahidi binti wa jirani, mwanafunzi wake wa kushona. Wamama wa kanisa nao wakachanga wanachoweza, mwingine alileta mayai. Niliona haya mpaka nikashindwa kushukuru.

Siku ya tatu, ya mwisho, tukarudi Lilongwe, bei ya vichwa vitatu ikiwa mu kitambaa kifuani mwa wifi. Tukishapata kibali, tungeomba ruhusa nyingine ya kwenda kulala. Kijana alitusalimu vizuri. Akaandika kuingia, akaandika kulala. Halafu akauliza, "Mtafika kule na nini?"

"Na miguu, kutoka pale gari linapoishia."

"Basi mnahitaji askari wa kuwasindikiza. Ni mbali, kuna viboko. Asiye na gari haingii bila askari. Analipwa kwa siku."

"Juzi hukusema askari."

"Juzi hamkusema miguu."

Binti yangu akahesabu kwa vidole chini ya meza. Ikaonekana tunaweza kulipia kuingia, kulala na askari, lakini kuvua haitoshi. Kijana akafikiri, alitaka kutusaidia kweli, naapa. Akasema, "Mnaweza kulala bila kuvua. Au mvue bila kulala, mrudi siku ileile." Lakini kutoka pale gari linapoishia ni nusu siku ya kutembea, na kilio kinalalwa.

Wifi ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili, akimwangalia machoni, wala hakungoja mkalimani. "Mwanangu, sisi tunahitaji samaki mumoja. Yule wa ku picha yako amerudishwa mu maji, si ndiyo? Basi tupe ruhusa ya huyo, maana hana mwenyewe."

Kijana aliuliza, "Anasemaje?" Binti yangu akasema, "Anasema asante." Tukatoka.

Jioni ile, nikishuka pale senta ya kambi, nilisimama kwa mama Mmalawi anayeniuzia nyanya. Anatoka kijiji cha jirani, tunajuana tangu watoto wetu wadogo. Aliona uso wangu akauliza, nikamweleza kwa Chichewa changu cha sokoni. Alicheka mpaka akashika nyanya zisianguke.

"Mayi, nani alikutuma ofisini? Ziwa ni refu. Kaka zangu wanavua Salima, hakuna ofisi pale. Unakwenda kwa mfumu, chifu wa pale, unampa kuku, unamwambia shida yako, unalala. Mtu anakataliwa kulia?"

Nilikasirika siku hiyo kuliko siku zote. Nilimkasirikia yeye kwa kucheka, na mchungaji kwa barua yake nzuri, na mi mwenyewe, mzee mzima, niliyepita meza ya nyanya siku tatu mfululizo bila kusimama. Ruhusa yetu ilikuwa imekwisha ku benchi la Lilongwe. Nilikwenda mbio kwa wifi kumwambia tuombe nyingine, twende Salima na kuku.

Alikuwa anakunja nguo. Akatikisa kichwa. "Nimefika nikakuta nimeitwa. Jina limepangwa ku ndege ya juma lijalo. Aliye ku liste ya safari haruhusiwi kutoka tena."

"Tutoke bila ruhusa. Siku mbili tu."

"Na bariyeri? Polisi akinikamata, jina linafutwa. Si langu peke yake, na la batoto. Wifi, usiniombe hiyo."

Sikumwomba tena. Lakini angalieni. Kwa kutoka Dzaleka kabisa, kwa kwenda asikorudi, karatasi zote alipewa bure, mu mfuko mweupe wa plastiki, na basi la kumchukua, na biskuti. Kwa kwenda ziwani na kurudi nyumbani kesho yake, alitakiwa kuuza mashini na bado haikutosha. Mtu anielezee hesabu hiyo. Mi nilifika mwaka wa tatu wa shule, labda walifundisha mwaka wa nne.

Siku mbili kabla ya safari, mchungaji alimtuma mtu Lumbadzi akanunua samaki mbichi wa ziwani, yule Wamalawi wanamwita chambo, mkubwa, mzuri. Wifi akamchoma, akaja naye juu ya sahani iliyofunikwa. Mchungaji alikuja naye.

"Mama," akasema, "Mungu haangalii samaki ametoka wapi. Anaangalia moyo."

"Basi ungeandika hivyo ku barua," nikamjibu. "Ungetupunguzia nauli."

Wifi akamega kipande, akakileta ku mdomo wangu. Niliuliza, "Nani alimvua?"

"Sijui. Kula."

"Nani wa damu yake alitupa ndoana?"

"Wifi, kula. Naondoka."

Nilifunga mdomo. Najua nilimuumiza. Aliniita kichwa kigumu, alisema ndugu yake alikufa mapema kwa sababu ya kichwa changu, na alisema mengine. Nami nilisema mengine. Mchungaji alikwenda kusimama nje. Kipande kile alikila wifi mwenyewe, huku analia, na mifupa akaitema mu kiganja.

Asubuhi ya safari nilifikiri hatakuja. Alikuja, amevaa koti kubwa alilopewa, jua likiwa tayari kali. Hakunitazama. Alimwita binti yangu, akamwambia anyooshe mikono. Akachukua maji ku kikombe, akayashika mu mdomo, akamtemea ku viganja vyote viwili.

"Nakuachia mukono wangu," akamwambia. "Siku mama yako atafika ku maji, si wewe utamulisha. Ni mimi. Umesikia?"

Binti yangu akasema amesikia. Mi sikujua kama desturi inaruhusu. Yeye alikuwa wa mwisho wa nyumba yao, basi desturi ilikuwa ni yeye. Halafu akanigeukia, akanivuta kifuani mwake, akafunga koti na mi ndani yake, tukakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Baada ya mwezi nilikwenda kuomba ruhusa ya kutoka. Niliulizwa sababu. Maisha yangu yote ku makaratasi nimeandika ukweli: nani aliuawa, wapi, tulikimbia na nini mkononi. Safari hii niliandikisha kwamba nakwenda Area 36 kumsalimu rafiki anayeumwa. Sina rafiki Area 36. Wakapiga muhuri palepale, hawakuuliza hata anaumwa nini. Ukweli wangu ulikuwa wa dola, uongo ukawa bure.

Tulikwenda Salima, mi na binti yangu na kuku mwekundu. Si pale mzee wangu alipapenda. Milima iko mbali, na hata ukifumba macho yote mawili hapafanani na kwetu. Mfumu alikuwa mtu mzima, amekaa mbele ya nyumba anashona wavu. Alipokea kuku, akasikiliza, akauliza swali moja: "Marehemu aliitwa nani?"

Tulikuwa tumeandika barua, tumejaza fomu, tumekaa ku benchi siku mbili, na jina lake lilikuwa palepale ku mstari wa kwanza. Hakuna aliyelisoma kwa sauti. Nilimwambia jina lote, na la baba yake, na la babu yake. Mfumu akayarudia taratibu, akakosea moja, nikamrekebisha, akarudia tena. Kisha akatuonyesha mahali pa kutandika.

Asubuhi binti yangu alitupa ndoana mpaka mkono ukamuuma. Samaki aliyekuja alikuwa mdogo, wa mifupa. Tulimchoma. Binti akamega, akasema, "Shangazi anakulisha," nikafungua mdomo. Wanawake wa pale waliokuwa wanaanika usipa waliacha kazi, wakapiga makofi kidogo kwa heshima, kwa namna yao.

Nilifungua kitambaa cheusi. Jua likanipiga ku mvi. Nilitafuna polepole kwa sababu ya mifupa, na kwa sababu nilikuwa bado na hasira. Binti yangu aliuliza kama ni mtamu. Nikamwambia hana chumvi.